Kabla ya Asali, Tazama Majana

Mwezi wa Juni, wiki mbili baada ya masika kukatika, nilifungua mzinga wangu wa tatu, na kabla sijainua kibao cha kwanza pua ilikwishanipa habari. Mzinga wenye afya hunukia nta, gundi ya nyuki na asali inayoiva, mchanganyiko ambao mfugaji akiusikia moyo wake hutulia. Huu ulitoa uchachu, mfano wa tui lililosahauliwa jikoni tangu juzi. Niliongeza moshi wa makumbi ya nazi, nikasubiri nyuki watulie, kisha nikainua kibao cha katikati, pale ambapo malkia hupenda kutaga, nikakigeuza juani.

Kwa ambaye hajapata kulitazama sega la watoto kwa karibu, nieleze kwanza linavyotakiwa kuwa. Mtoto wa nyuki kwa lugha ya wafugaji huitwa jana, na wakiwa wengi huitwa majana. Yai husimama chini ya kijumba, yaani kitundu kimoja cha sega, kama punje nyembamba ya mchele kwa siku 3, kisha huanguliwa. Jana linalotoka ni jeupe, linang'aa kama lulu, limejikunja mfano wa mwezi mchanga na kulala ndani ya tone la maziwa ya nyuki. Hula usiku na mchana kwa siku 5 hadi 6, na katika muda huo mfupi uzito wake huongezeka karibu mara 1,000, hadi likakijaza kijumba chote. Hapo nyuki hulifunika kwa nta, nalo hujifunga hariri na kugeuka pupa, yaani hatua ya kati ya jana na nyuki kamili, na takriban siku ya 21 tangu yai litagwe, au mapema kidogo kwa nyuki wetu wa Afrika, hutoboa kifuniko akatoka nyuki kibarua aliyekamilika. Sega zuri la majana lina vifuniko vikavu, vilivyotuna kidogo na kukaribiana, kiasi kwamba ukipitisha jicho kutoka ukingo mmoja hadi mwingine hukuti mapengo mengi.

Sega nililolishika lilikuwa na mapengo kila pahala. Majana ya siku nne au tano yalikuwa yamejipindapinda, mengine yamelala ubavu, mengine yamejinyoosha kufuata ukuta wa kijumba kana kwamba yalikuwa yakitafuta njia ya kutokea. Weupe wa lulu ulikuwa umekwisha. Yalikuwa ya manjano kama samli, na yaliyotangulia kufa yamekuwa ya kahawia na kunywea. Katika jana moja niliona, bila ya kioo cha kukuzia, nyuzi nyeupe za mirija ya kupumulia zikiwa zimejichora chini ya ngozi iliyokonda kama utando wa kitunguu.

"Ami," nikamwita ami yangu, aliyekuwa akishughulika na bomba la moshi, "hebu njoo unuse hapa."

Akainama, akanusa, wala hakusita. "Majana yameoza, mwanangu. Yaache. Wenyewe watahama, na wakihama maradhi wameyaacha nyuma."

Ami amefuga nyuki katika magogo ya mnazi tangu kabla sijazaliwa, na neno lake silipuuzi. Nitalirudia huko mbele, kwa sababu lina ukweli mkubwa ndani yake, na pia lina jambo ambalo leo haliwezi tena kutufaa. Lakini kwanza nataka kueleza kinachotokea ndani ya kijumba, kwani wengi wetu hapa Pemba tunafungua mzinga kwa ajili ya asali peke yake. Tukiona masega ya asali ni mazito tunaridhika, tunarina, tunafunga. Sega la majana tunalisogeza pembeni kwa haraka ili tusiumwe, na ndilo sega linaloonyesha mapema kuliko jengine lolote kama mzinga utakuwa hai miezi mitatu ijayo.

Jana haliwezi kutafuta chakula. Halina miguu, halina macho ya kuona, na kila linachokula huletewa na nyuki walezi, ambao ni vibarua vijana wanaozalisha maziwa katika tezi za kichwani. Mlezi hupita kijumba baada ya kijumba, akachungulia, akatia tone, akaondoka, na hurudi tena na tena mamia ya mara kwa kila jana. Hakuna wazazi wanaohangaika kuliko hawa. Na ndiyo njia ambayo bakteria huitumia. Bakteria wa majana hawapeperushwi na upepo wakatua juu ya mtoto. Huingia pamoja na chakula, kutoka mdomoni mwa yule yule anayemlea, ambaye mwenyewe haumwi na wala hajui alichokibeba. Nyuki mkubwa huweza kuwachukua bakteria hawa tumboni na mdomoni bila ya kudhurika hata kidogo. Tena mara nyingi huwapata katika kazi yake njema ya kusafisha: mfagiaji huingia kwenye kijumba cha jana lililokufa, hulitoa kwa mdomo kipande kwa kipande, kisha mdomo huo huo huwapitishia wenziwe chakula, na chakula kikafika kwa majana wengine.

Maradhi makubwa ya aina hii yako mawili, na majina yake huwachanganya watu. Moja huitwa kuoza kwa majana kwa Ulaya, jengine kuoza kwa majana kwa Marekani. Majina haya yalitokana na mahali yalikochunguzwa mwanzo, wala hayana maana kwamba moja liko Ulaya tu na jengine Marekani tu. Yote mawili yamekwishaonekana katika mabara mengi. Mtaalamu wa Marekani G. F. White ndiye aliyeonyesha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba ni maradhi mawili yenye bakteria wawili tofauti, ambapo kabla yake watu waliyaita yote kwa jina moja. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Mfugaji asiyeijua anaweza kuchoma mzinga ambao ungepona, au, jambo baya zaidi, akauhurumia mzinga ambao ulipaswa kuchomwa siku ile ile.

Tuanze na lile la Ulaya, kwa sababu dalili zake ndizo nilizoziona mimi. Bakteria wake huitwa Melissococcus plutonius. Akishaingia tumboni mwa jana hubaki humo humo ndani ya utumbo, akizaliana katika chakula alichokikuta, na kumnyang'anya mtoto lishe yake. Jana hula, na hula sana, lakini sehemu ya kile linachokula inamlisha mgeni, kwa hivyo linaomba zaidi. Ikiwa walezi ni wengi na chakula kipo, jana huweza kupewa cha kulitosha yeye na bakteria wake, likakua, likafunikwa na kutoka nyuki mzima, ingawa mara nyingine mdogo wa umbo. Ikiwa walezi ni wachache, au nje hakuna maua, jana hufa kwa njaa ilhali liko ndani ya chakula, kwa kawaida likiwa na siku nne au tano, kabla ya kufunikwa. Ndiyo maana nililikuta limejipinda: jana lenye njaa hutoka katika ule mkao wake wa mwezi mchanga, hujinyoosha na kuhangaika, na hufa katika mkao wowote lilioufikia.

Liko jambo moja katika maradhi haya ambalo kila nikilifikiri hunishangaza. Utumbo wa jana umezibwa nyuma; halipati haja hata mara moja katika siku zake zote za kula, ili lisichafue chakula chake. Hujisafisha mara moja tu, mwishoni, baada ya kufunikwa na kabla ya kuwa pupa. Kwa hivyo jana lililoambukizwa na likanusurika huacha bakteria wote wale katika kuta za kijumba chake, na kijumba hicho hicho malkia atarudi kutaga yai. Ukiona mzinga umepona katika msimu wa maua, kisha maradhi yakarejea mwaka unaofuata, usitafute mchawi; sega ni lile lile.

Harufu nayo ina maelezo yake. Melissococcus mwenyewe hatoi uvundo mkubwa. Akishamdhoofisha mtoto huja bakteria wengine, kama vile Paenibacillus alvei na Enterococcus faecalis, wakaingia katika mwili ulioshindwa, na hao ndio wanaoleta ule uchachu na uozo ambao mfugaji huusikia akifungua. Unachokinusa basi si mwuaji bali wale waliokuja baada yake.

Pamoja na dalili zote hizo, sikuwa tayari kufunga mzinga kabla ya kufanya jaribio moja ambalo kila mfugaji anaweza kulifanya kwa kitu kilichomo mfukoni. Nilichukua njiti ya kiberiti, nikaichovya katika jana lililooza, nikaikoroga taratibu, nikaivuta juu. Uozo ulikatika pale pale, ukiwa na chembechembe kama uji uliokatika. Nikarudia katika vijumba vitano vyengine, pamoja na vile vichache vilivyofunikwa, na vyote vikakatika. Nilipumua. Kama ungevutika ukawa uzi, mfano wa ute wa bamia, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, urefu wa sentimita mbili au zaidi kabla ya kukatika, ningekuwa nimesimama mbele ya maradhi ya pili, na siku ile ingekwisha kwa shimo na moto.

Maradhi hayo ya pili husababishwa na Paenibacillus larvae. Bakteria huyu ana silaha ambayo yule wa kwanza hana: hujigeuza spora, yaani kimbegu kilicholala ndani ya gamba gumu, kisichohitaji chakula wala maji. Katika hali hiyo anaweza kukaa zaidi ya miaka 35 katika sega kuukuu au katika mbao za mzinga uliotupwa chini ya mwembe, akasubiri. Joto la jua letu halimsumbui, kuchemsha maji kwa kawaida hakumwui kwa uhakika, na dawa nyingi zinazoua bakteria hazimgusi akiwa amelala.

Jana linaloshambuliwa kwa urahisi ni lile la siku ya kwanza. Katika saa zile 24 hadi 36 za mwanzo, spora zipatazo 10, au pungufu ya hapo, hutosha kuliambukiza. Likishakua siku mbili tatu hustahimili nyingi mno. Spora zikifika katika utumbo huchipua katika muda wa saa 12 hivi, na bakteria huanza kuzaliana, bado wakila chakula cha mtoto bila ya kugusa mwili wake. Kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando unaoukinga ukuta wa utumbo, huuvunja ukuta wenyewe, wakamwagika katika mwili mzima. Tangu hapo jana si kiumbe tena bali ni chakula. Misuli, ngozi, kila kitu huyeyuka kuwa ule uji wa kahawia unaovutika. Na kinyume na yale maradhi ya kwanza, humu wageni hawakaribishwi: Paenibacillus larvae hutoa sumu zinazowazuia bakteria wengine, akabaki peke yake katika maiti hadi amalize.

Vifo vingi hutokea baada ya kifuniko kuwekwa, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mfugaji anaona vifuniko na kudhani watoto wako salama. Ukitazama vizuri utaviona vimebonyea, vimekuwa vyeusivyeusi na kama vilivyopakwa mafuta, na baadhi yake vimetobolewa tundu lisilo na mpangilio na nyuki walioanza kushuku. Mara nyengine pupa aliyekufa huacha ulimi wake umesimama kutoka ukuta mmoja hadi mwengine kama uzi, ishara ambayo ukiiona huhitaji njiti. Baadaye uji hukauka ukawa gamba jeusi lililoganda chini ya kijumba, gumu kiasi kwamba nyuki hawawezi kuling'oa. Gamba moja la jana moja huweza kuwa na spora bilioni 2.5. Nimewahi kuwaeleza vijana wa kwetu hesabu hii, na nilipowakumbusha kwamba 10 zinatosha, walinyamaza.

Afrika kusini mwa Sahara kwa muda mrefu ilinusurika na mlipuko mkubwa wa maradhi haya, lakini mwaka 2009 yalithibitishwa katika jimbo la Western Cape huko Afrika ya Kusini, na makundi mengi ya nyuki yakaathirika. Kwa hivyo si sahihi kusema kwamba ni ya wazungu na hayatuhusu. Sisi tumezungukwa na bahari, na bahari ni boma zuri, lakini nyuki hawahitaji kuivuka wenyewe ikiwa sisi tunawavukishia spora katika jahazi. Mwaka jana nililetewa habari ya mizinga iliyotumika, ya bei nafuu kweli kweli, kutoka ng'ambo, masega makuukuu yakiwa bado yamo ndani "ili nyuki wavutike". Nilikataa. Mzinga mtupu wa namna hiyo unaweza kuwa umebeba magamba ambayo jicho lisilozoea huyaona kama uchafu wa kawaida. Vivyo hivyo sikubali kuwalisha nyuki asali ya dukani wakati wa njaa. Asali yenye spora za Paenibacillus larvae haimdhuru mtu anayeila, kwa hivyo hakuna anayeikagua kwa ajili hiyo, lakini kwa jana la siku moja ni sumu. Nyuki wangu wakiwa na njaa hupewa maji ya sukari basi.

Dawa? Katika nchi nyengine watu wamewahi kutumia antibayotiki kama oksitetrasaiklini. Huua bakteria walioamka, haiui spora, kwa hivyo dalili hupotea na maradhi hubaki, huku mabaki ya dawa yakiingia katika asali na bakteria wakijifunza kuistahimili. Sioni faida ya kumfunika adui shuka. Nchini Marekani mwaka 2023 iliruhusiwa kwa masharti chanjo inayolishwa malkia kupitia vibarua wake, ili mayai yake yatoke yakiwa na kinga dhidi ya bakteria huyu. Ni jambo kubwa, kwani ni chanjo ya mwanzo kuruhusiwa kwa mdudu, ila halijatufikia.

Dawa ambayo Mungu amewajaalia nyuki wenyewe ni usafi. Mtaalamu Walter Rothenbuhler, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1964, alionyesha kwamba yako makundi ya nyuki ambayo hutambua jana lililokufa chini ya kifuniko, hukifungua na kulitoa nje kabla halijafika hatua ya kutoa spora, na kwamba tabia hii hurithiwa. Makundi mengine huacha maiti ndani. Tofauti kati ya mzinga unaopona na unaokufa inaweza kuwa ni saa chache za kunusa mapema.

Sasa nirudi kwa Ami. Aliposema nyuki watahama na kuacha maradhi nyuma, alikuwa akieleza alichokiona kwa miaka mingi, na ni kweli: nyuki wetu ni wepesi wa kuhama, na kundi linaloacha masega machafu na kujenga nta mpya mahali pengine huwa limejitibu kwa kiasi kikubwa. Lakini magogo ya Ami yalikuwa juu ya miti, moja hapa, jengine mwendo wa robo saa. Mimi nina masanduku 7 chini ya minazi, upande wa Konde, karibu na Msitu wa Ngezi, na kati ya sanduku na sanduku ni hatua kumi. Mzinga ukidhoofika au ukihamwa ukaachwa na asali ndani, jirani zake huivamia siku hiyo hiyo na kuipeleka nyumbani kwao pamoja na kila kilichomo. Desturi iliyofaa mizinga iliyotawanyika inageuka hatari mizinga ikikusanywa.

Nilimweleza hivyo, akafikiri, akaniuliza swali ambalo ndilo lililoniuma: "Na ule wa tano, uliutia sega kutoka wapi?"

Mwezi wa Aprili mzinga wa tano ulikuwa dhaifu, nami nikautia nguvu kwa sega la majana kutoka mzinga wa tatu. Sikulitazama. Mvua ilikuwa inakuja, nilikuwa na haraka, nikatumia kisu kile kile bila ya kukisafisha. Tulipoufungua tulikuta majana ya manjano, yaliyojipinda, mengi kuliko ya kule.

Tulifanya kazi hadi magharibi. Nyuki wa mzinga wa tatu tuliwakung'uta katika sanduku safi lenye vibao vipya vilivyopakwa nta kidogo, masega yao yote ya majana tukayachoma katika shimo na kulifukia, tukapunguza mlango ukabaki upana wa vidole viwili ili wasivamiwe, tukawapa maji ya sukari. Kipindi hicho ndicho kibaya kwetu: mvua imekwishaosha maua, na mikarafuu, ambayo ndiyo fahari ya kisiwa, haiwasaidii nyuki kama mgeni anavyodhani, kwa sababu sisi huchuma matumba kabla hayajafunguka na maua yanayobaki ni yale yaliyotushinda kuyafikia. Minazi ndiyo huwastahi, kwa kuwa hutoa maua mwaka mzima. Mzinga wa tano haukungoja. Ulihama siku ya pili yake, ukaacha kila kitu, na tulikimbilia kuuziba kabla majirani hawajaingia.

Mzinga wa tatu niliufungua tena katikati ya Agosti. Masega mapya yalikuwa meupe, na katika sega la pili majana yalilala kama yanavyotakiwa, mwezi mchanga baada ya mwezi mchanga. Visu vyangu sasa ni viwili, na kabla ya kutoka mzinga mmoja kwenda mwengine kisu hupitishwa katika moto. Sanduku la tano nililisugua kwa maji ya moto na kostiki soda, nikaliunguza ndani kwa makuti makavu hadi mbao zikabadilika rangi, nikalianika. Bado ni tupu, linangoja kundi la kaskazi.